Jina Lililokosa Nafasi

Siku yangu ya kwanza kazini Kilifi niliamriwa nivue viatu mlangoni. Nilivua nikidhani ni heshima ya ofisi ya mkubwa, kumbe heshima yenyewe ilikuwa ya mashine. "Haipendi vumbi," alisema Afisa Tawala, mtu wa bara, mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni. "Haipendi joto, haipendi chumvi ya bahari. Kwa hivyo madirisha hayafunguliwi. Umeelewa, Bwana Omari?" Nikasema nimeelewa. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu, na dole gumba lilichungulia muda wote tuliozungumza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Mradi ulikuwa wa chanjo za watoto, una wafadhili wake wa ng'ambo, na leo haupo tena; jengo lake limegeuzwa ghala la saruji. Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu Malindi, mzaliwa wa Shella, mtaa wa huko huko Malindi, na kompyuta nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Nilichaguliwa kwa sababu nilipiga taipu kwa vidole vyote kumi bila kutazama. Siku hizo ukiweza hilo, watu walikuona kama uliyesomea Ulaya.

Chumba cha mashine ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi katika jengo zima. Wenzangu wakakiita mochari. Nikipita kwenda chai walinidakia, "Omari, maiti wako hawajambo?" Mwezi wa kwanza nilicheka nao. Baadaye nikawa nachukua chai yangu na kwenda kuinywa mlangoni mwa chumba changu, nimesimama, peke yangu, na sikumbuki ni siku gani hasa niliacha kukaa na watu.

Mtaalamu aliyeileta mashine alikaa nasi miezi miwili. Alikuwa mtu mpole wa ng'ambo, na Kiswahili chake kilitosha kununulia ndizi. Ndiye aliyetunga programu yetu, ndiye aliyenifundisha, na alipoondoka aliniachia daftari moja na anwani ya posta. Niliandika barua mbili. Ya kwanza alijibu.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana ninyi vijana mnayafanya haya leo kwa kidole kimoja kwenye simu. Tulikuwa na faili tuliloliita faili la amri. Ni orodha ya maagizo ambayo mashine huisoma mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, bila kuuliza. Mistari ya mwanzo ilikuwa ya majina: jina la kituo, alama ya sawasawa, kisha idadi ya dozi za mwezi ule. Mashine iliyachukua majina hayo na kuyaweka mahali maalumu katika kumbukumbu yake, mahali panapoitwa mazingira. Yakishatua hapo, programu ya kuchapa iliamka, ikachungulia kwenye mazingira, na kwa kila jina lililoanza na herufi CH, yaani chanjo, ikatoa karatasi moja. Leo nasikia majina ya namna hiyo yanaitwa vigeu vya mazingira. Sisi tuliyaita majina tu.

Karatasi hizo ndizo zilizokuwa amri ya safari. Mtunza dawa alijaza masanduku mawili makubwa ya barafu kila mwezi, dereva akayapakia kwenye Land Rover, akazunguka vituo na kugawa kwa kufuata karatasi. Kila kituo kilitia sahihi, karatasi ikarudi. Dozi zilizobaki zilimwagwa, kwa kuwa zilikuwa zimekwishapata joto njiani. Kituo kisichokuwa na karatasi hakikuwa na safari.

Mtaalamu aliniusia mambo mawili. Majina yawe mafupi, kwa sababu mazingira yana mpaka. Alikuwa ametenga nafasi ya herufi mia tatu na ishirini, na mashine yenyewe huchukua humo sehemu yake. Tena, programu haijui vituo viko vingapi, inajua vile tu ilivyovikuta. "Kisichokuwamo," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "kwake yeye hakuna." Niliyaandika yote mawili kwenye daftari, kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo mwanzoni vituo vyetu vinane vilikuwa CH1, CH2, hadi CH8. Vilikaa vizuri, vikachapwa vizuri. Kilichovuruga ni mkutano wa wakuu wa vituo. Mganga msaidizi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alisimama akainua karatasi yake juu.

"Mimi nimesomea utabibu miaka mitatu," alisema. "Nimetibu watu hapa kabla ya wengi wenu kuota ndevu. Leo naletewa karatasi imeandikwa CH4. CH4 ni nini, jamani? Namba ya ng'ombe kwenye josho?"

Watu walicheka, lakini wengine nao wakainua karatasi zao. Afisa Tawala akanigeukia mbele ya wote. "Bwana Omari, hawa watu wapewe majina yao. Kamili. Mashine ya bei hiyo haiwezi kushindwa kuandika jina la mtu."

Nami nilifurahi, sitaficha. Kwetu Shella mtu hatajwi nusu. Ukimwita mzee kwa jina tupu, mama yako ataulizwa alikulea wapi. Heshima si utumwa. Ile CH4 ilikuwa imenikera tangu siku ya kwanza, kama kumwita mgeni kwa kumpigia mluzi. Nikakaa siku mbili nzima nikiyaandika majina upya, kila kituo na cheo chake: CH_KITUO_CHA_AFYA_CHA fulani, CH_ZAHANATI_YA fulani. Yalikuwa marefu kama shajara ya ukoo, na kila nilipoyasoma nilijiona nimefanya jambo la kiungwana.

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani. Mke wangu Rukia alikuwa amekataa kuhamia Kilifi. Alisema hawezi kumwacha mama yake, na hawezi kukaa mji ambao hajui jirani hata mmoja. Nilipanga chumba Kilifi, nikawa mgeni wa nyumba yangu mwenyewe kila mwisho wa juma. Alinipakulia wali, akaniuliza, "Hebu nambie leo, Omari, wafanya kazi gani hasa huko? Watu waniuliza nami sina la kuwajibu."

"Navipa vitu majina," nikamwambia.

Akaniangalia. "Alhamdulillahi. Kazi ya Nabii Adamu. Nayo ina pensheni?"

Tulicheka sana siku hiyo. Lakini nilipojaribu kumweleza mazingira ni nini, na jina linakaaje humo, nilimwona macho yakimtoka kwenye maneno yangu na kwenda kwenye sufuria. Si kosa lake. Katika pwani nzima ile sikumjua mtu hata mmoja ambaye ningeweza kumweleza kazi yangu akanikatiza na kusema, hapo umekosea.

Jambo moja jingine nililifanya mwenyewe, bila kuamriwa. Wageni wa wafadhili walikuwa wakija kutazama mashine ikifanya kazi, na skrini ilijaa mistari ya Kiingereza isiyovutia. Nikaongeza amri ya kufuta skrini baada ya majina kuwekwa, ili wageni waone skrini safi, kisha printa ianze kunguruma. Afisa Tawala alipendezwa sana, akamleta hata mkewe kutazama.

Mtu mmoja tu aliingia chumbani mwangu kwa hiari yake. Aliitwa Karisa Mwaro, dereva wa Land Rover, mtu wa Kaloleni, amenizidi miaka kumi na mitano. Alivua viatu, akaketi juu ya boksi la karatasi, akasema, "Hapa ndipo peponi, Omari. Nje kwaungua." Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa kuvuta kama anayeimba. Alinitania kuwa Mswahili wa Shella hafi njaa bali hufa kwa kuchagua kitoweo. Nami nikamtania kwa pombe ya mnazi, maana hakuficha kwamba akifika kwao hupitia kilabuni. Alikuja kuchukua karatasi mara moja kwa mwezi, lakini alipita siku nyingine pia bila shughuli yoyote. Sasa najua alikuwa akija kwa ajili yangu.

Baada ya miezi michache ya majina yale marefu, zahanati mpya ilifunguliwa Vitsakani, juu ya vilima nyuma ya Kaloleni, mahali ambapo barabara huishia kwenye mawe. Ikawa ya tisa. Nikaongeza mstari wa mwisho kwenye faili la amri: CH_ZAHANATI_YA_VITSAKANI, alama ya sawasawa, sitini. Nikaendesha faili, skrini ikajifuta, printa ikanguruma. Nikafunga karatasi kwa uzi, nikamkabidhi Karisa.

Mwezi wa pili, alipokuja kuchukua karatasi, alizipekua akiwa bado ameketi kwenye boksi. "Omari, ile zahanati mpya ya juu sina karatasi yake. Hata mwezi ule sikuwa nayo."

Nilikuwa nikipiga taipu barua ya Afisa Tawala. Sikugeuka. "Kama haina karatasi, basi bado haijafunguliwa rasmi," nikamjibu. "Mashine ingeichapa."

"Haya," akasema. "Wewe ndiwe mjuzi." Akavaa viatu vyake, akaenda.

Mwezi wa tatu ikaja barua ya Sista Beatrice, muuguzi aliyepelekwa Vitsakani, kwamba tangu afike hajapata chanjo hata moja. Afisa Tawala akaniita. Nikafungua faili la amri, nikamwonyesha mstari. Jina lilikuwepo, limenyooka, kwa herufi kubwa. "Vitsakani imo, bwana," nikasema, na kwa kweli niliamini. Ndilo kosa ambalo nataka mlielewe ninyi mnaofanya kazi hii. Jina kuandikwa kwenye faili si sawa na jina kuwekwa kwenye mazingira. Faili ni nia tu. Mimi nilitazama nia yangu nikaridhika.

Basi ikabaki dereva. Karatasi ya Vitsakani hairudi na sahihi. Dozi zinabaki, zinamwagwa. Njia ya Vitsakani inapita Kaloleni, na Kaloleni kuna mnazi. Kikao kiliitwa, tukakaa watu watano mezani, Karisa amesimama kofia mkononi.

"Mimi nilipeleka kila karatasi niliyopewa," alisema. "Ya Vitsakani sikupewa."

"Mashine imeandika Vitsakani," alisema Afisa Tawala. "Mashine haina mjomba Kaloleni. Na mashine hainywi mnazi."

Watu wakacheka. Karisa hakucheka. "Nilimuuliza Omari. Mwezi ule wa pili nilimuuliza, akaniambia haijafunguliwa. Omari, si nilikuuliza?"

Wote wakanitazama. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kuinuka niende kuhesabu karatasi zikitoka kwenye printa. Kutoka pale mezani hadi chumba cha mashine ni hatua ishirini. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya wakubwa kwamba jina limo, na niliona kikao chote kinaanza kunigeukia. Nikaogopa.

"Sikumbuki," nikasema.

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata neno nililokuwa nikilipiga taipu alipouliza. Karisa akavaa kofia yake humo humo ofisini, na jioni hiyo alirudisha funguo za gari.

Wiki mbili baadaye mlango wangu uligongwa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sare nyeupe iliyochafuka vumbi jekundu chini, viatu ameshavishika mkononi. Akasema yeye ni Sista Beatrice wa Vitsakani.

"Karibu, Sista. Afisa Tawala yuko ofisi ile."

"Sikuja kwa Afisa Tawala. Nimeandika barua nne, nimechoka kuandika. Nimekuja nione jina langu likitoka."

"Namna gani?"

"Hiyo mashine yenu. Ifanye ifanye kazi, mimi nione karatasi ya Vitsakani ikitoka hapo kwa macho yangu. Ikitoka, naibeba mwenyewe, naenda kwa mtunza dawa, napanda nayo."

Hakuna aliyewahi kuniomba jambo jepesi namna hiyo. Nikaendesha faili. Skrini ikajifuta, printa ikanguruma, karatasi zikatoka, naye akazihesabu kwa sauti moja moja akizichana. Akafika nane, printa ikanyamaza.

"Liko wapi?" akauliza.

Nikaendesha tena. Zikatoka nane. Nikasikia baridi ya chumba kile mgongoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Nikafungua faili, nikaiondoa ile amri yangu ya kufuta skrini, nikaendesha mara ya tatu. Na pale, chini ya majina manane ya heshima, ukabaki mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kwamba nafasi ya mazingira imekwisha. Mashine ilikuwa ikiniambia kila mwezi. Mimi nilikuwa nikiifuta kabla sijaisoma, ili wageni wapendezwe.

"Nini hiyo?" akauliza Sista Beatrice.

"Majina yalikuwa marefu," nikasema. "La kwako likakosa nafasi."

Alikaa kwenye lile boksi la karatasi. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. "Surua imeingia Vitsakani," alisema. "Watoto kumi na wanne. Wawili tumeshawazika."

Nilifupisha majina kwa dakika tatu. CH1 hadi CH9. Karatasi ya tisa ilitoka, akaibeba, na alasiri hiyo dereva wa muda alimpandisha mlimani na sanduku la barafu miguuni. Dakika tatu. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

Kesho yake nilimwendea Afisa Tawala. Nilimweleza yote, pamoja na lile neno "sikumbuki". Alinisikiliza, akachomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Sista anajua kwamba jina lilikosa nafasi. Kwamba onyo nililifuta mwenyewe, najua mimi tu."

"Basi imeisha. Umetengeneza?"

"Nimetengeneza, bwana. Lakini Mzee Karisa..."

"Karisa ameshapata barua yake. Sikiliza, Bwana Omari. Wafadhili wakisikia mashine imekosea, mradi huu unafungwa, na watoto wengine watakosa chanjo. Unataka hivyo?"

"Mashine haikukosea, bwana. Nimekosea mimi."

"Kwa hawa watu," alisema, "wewe ndiwe mashine."

Niliandika barua ya kurasa mbili, nikaipeleka iwekwe kwenye jalada la Karisa. Mtunza majalada aliipokea, akapiga muhuri, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kuisoma. Hata angeisoma asingeielewa. Ndio upweke wa kazi ile. Hapakuwa na mtu wa kunikamata, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu wa kunisamehe.

Nilikwenda Kaloleni Jumapili iliyofuata. Nilimkuta Karisa uani kwake akishona makuti, mkewe Kanze akimpasulia fito. Aliitikia salamu yangu, akaniletea kigoda, akaagiza niangushiwe dafu, maana alijua mnazi sinywi. Nilimweleza kama nilivyomweleza Afisa Tawala, ila polepole zaidi. Hakuacha kushona.

"Kwa hivyo ulikumbuka," alisema nilipomaliza.

"Nilikumbuka, Mzee Karisa. Nilikuwa na hofu. Nisamehe."

"Kazi siitaki tena. Lile gari lilishanivunja kiuno." Akavuta uzi kwa meno. "Lakini huko juu Vitsakani watu wasema nililewa nikapoteza dawa za watoto wao. Nikienda matangani huko, mwanamke aliyezika mtoto anipa mgongo, aenda kukaa mbali. Mimi sikumfanya kitu. Sasa wewe una maneno, umesoma. Panda huko uwaambie."

"Nitakwenda," nikasema.

"Waambie mbele yangu au nyuma yangu, ni mamoja. Lakini waambie."

Kanze alinitazama wakati nikiahidi. Sikwenda. Mwezi wa kwanza nilisema nangojea surua ipoe, watu wapunguze uchungu. Mwezi wa pili mvua zilikata njia. Halafu nikapata likizo, halafu Rukia akajifungua, na kila nilipojiona nimesimama mbele ya wale mama nikiwaeleza habari ya majina na nafasi, niliahirisha tena. Mradi ulifungwa kabla ya muongo kwisha, kwa sababu zake nyingine kabisa. Nikahamia kiwanda kimoja cha korosho kama msimamizi wa mashine. Mkubwa wangu wa huko, Meneja wa Uzalishaji, aliniita "profesa" na hakuniuliza swali hata moja kwa miaka sita. Kisha nikarudi Malindi, kampuni moja ya hoteli, ambako niliendesha kompyuta hadi zikawa nyembamba kama sahani na vijana wakawa wananifundisha mimi. Karisa alifariki nikiwa huko. Nilisikia habari baada ya mazishi.

Nilipostaafu walinifanyia karamu. Meneja Mkuu alisoma hotuba. Alisema Bwana Omari ni mtu makini, kwamba katika maisha yake yote ya kazi hakuna jambo lililopotea mikononi mwake. Watu wakapiga makofi. Nilipewa saa ya ukutani na shuka la kitanda, nikashukuru, nikaketi.

Vijana wa kazi yangu huniuliza siku hizi niwape wasia. Nawaambia: majina yawe mafupi na yaeleweke, na heshima ya mtu uiweke mahali pengine, usiiweke ndani ya mashine. Kila faili la amri lihesabu lenyewe. Kama vituo ni tisa na limekuta vinane, lisimame na kupiga kelele. Usifute skrini. Usifanye kazi mahali ambapo hakuna mwingine anayeweza kuisoma, na ukilazimika, mfundishe mtu hata kama hataki. Wao huandika kwenye simu zao, wakashukuru. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilijifunzia wapi.

Wiki moja baada ya karamu ile nilikwenda Kaloleni nikamchukua Kanze. Amezeeka, haoni vizuri, lakini alipanda nami hadi Vitsakani bila kuniuliza neno. Zahanati imepanuliwa, ina tangi la maji na benchi refu la saruji. Ilikuwa siku ya kliniki. Sista Beatrice alishahama miaka mingi, muuguzi wa sasa hakunijua, akaniruhusu niseme. Nikasimama mbele ya wale mama. Wengi walikuwa hawajazaliwa wakati ule, lakini mwisho wa benchi palikuwa na bibi watatu waliowaleta wajukuu.

Nikawaambia kwamba mwaka ule wa surua Karisa Mwaro hakulewa. Hakupoteza dawa, wala hakuacha kupanda kilima. Hakupewa karatasi ya hapa, na ambaye hakumpa ni mimi. Aliniuliza nikampuuza, na nilipoulizwa mbele ya wakubwa nikasema uongo, yeye akafukuzwa. Nikawaeleza habari ya majina kwa maneno machache kadiri nilivyoweza. Kanze alisimama kando yangu, ameushika mkono wa shati langu.

Mtoto mmoja alikuwa akilia akanyamazishwa kwa ziwa. Kisha mmoja wa wale bibi watatu, mwembamba, mwenye kitambaa cheusi kichwani, akaniuliza nakaa wapi.

"Malindi, mama," nikamjibu. "Shella."

Alimtazama Kanze, kisha akanitazama mimi.

"Malindi si mbali," akasema.